Perege Aliyeajiriwa Uwanja wa Ndege

Anayetaka kucheka katika habari hii acheke mapema, maana huko mbele nafasi ni finyu. Na pa kuanzia ni hapa: katika uwanja mmoja mdogo wa ndege, wenye njia moja ya kurukia na karakana mbili za bati, kulikuwa na samaki mwajiriwa. Perege dume, mpana kama kiganja cha mpakua magunia, na jina lake la kazi lilikuwa Mkaguzi.

Aliyemwajiri alikuwa Mzee Koki. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili ofisini na katika kumbukumbu ya dada yake, basi. Wengine wote walimwita Koki kwa sababu kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua maji. Mvua ikinyesha uwanja wa ndege haipiti hivihivi. Inaosha lami yote zinapoegeshwa ndege, inakomba matone ya mafuta, grisi, sabuni ya kuoshea mabawa na vumbi jeusi la matairi, inateremka na mzigo huo kwenye mfereji. Mfereji unapitia tangi la zege ambamo mafuta huelea juu yakakingwa, kisha maji yanaingia bwawani. Bwawa lina malango mawili ya chuma, kila moja na usukani wake wa kuzungusha. Lango la juu ndilo linaloingiza maji kutoka mferejini. Lango la chini ndilo linaloyatoa. Na ng'ambo ya lango la chini hakuna kitu kingine ila kinamasi: matete, mafunjo, maji ya rangi ya chai, na nyumba chache kando yake ambazo watu wake wanachota visimani maji yaliyochujwa na udongo huohuo. Moja ya nyumba hizo ilikuwa ya dada yake Mzee Koki, mfuma mikeka.

Sheria ya kazi ilikuwa fupi. Maji yakae bwawani siku tatu, yapimwe, yakiwa safi lango la chini lifunguliwe. Kwenye kupima ndiko kulikokuwa na kasheshe. Chupa ya maji ilipelekwa maabara mjini na majibu yakarudi baada ya wiki mbili, wakati maji yenyewe yalishafika kwenye matete na kusahaulika.

"Ni sawa na kumpima mtu malaria ukishamzika," alizoea kusema.

Basi akabuni kipimo chake mwenyewe, bila kuuliza mtu. Alivua perege watatu kinamasini, akawatia kwenye tenga la waya, akalizamisha bwawani kutwa na kucha. Wakitoka hai, anafungua. Wakifa, anasubiri. Kila mvua na samaki wake, na waliofaulu walirudishwa kwao kwa heshima zote. Kipimo kilikuwa kizuri. Hata watu wa maabara walipokisikia walitikisa vichwa, wakasema ah, mzee huyu.

Kisha mwaka mmoja pipa likapinduka karakanani. Siku ile samaki wawili walikufa kabla jua halijapanda, na wa tatu akabaki anazunguka tengani kama askari wa zamu. Mzee Koki alimtazama muda mrefu. Moyo wake ukamwambia, huyu si wa kurudisha, huyu ni mtu wa kazi. Akamjengea makazi kwenye pipa lililokatwa nusu nyuma ya kibanda cha pampu, akawa anamlisha pumba na kumbikumbi, na tangu siku ile hakuvua samaki mwingine. Kila mvua Mkaguzi alizama bwawani, kila mvua Mkaguzi aliibuka mzima. Miaka sita hakukosa kazi hata siku moja, na hakuna mfanyakazi mwingine uwanjani aliyeweza kusema hivyo.

Hadithi zake zilipikwa na kupikwa tena. Mzee Koki aliapa kwamba Mkaguzi alikuwa anatofautisha mafuta ya ndege kubwa na ya ndege ndogo kwa kupepesa jicho la kulia au la kushoto. Kwamba siku moja alitoa kichwa nje ya maji, akanyoosha pezi kuelekea ndege ya tatu kwenye mstari, na mafundi walipofungua injini wakakuta bomba limepasuka. Kwamba kiwanja kingine kikubwa zaidi kiliandika barua kumwomba kwa wiki mbili, na Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Alikataaje?" wageni waliuliza.

"Aliwageuzia mgongo."

Fundi Spana, mwanamke mfupi wa karakanani aliyekuwa na grisi mpaka viwikoni hata siku za sherehe, alikuwa na mzaha wake wa kila siku. "Mzee, siku ukimkaanga huyo samaki, usinunue mafuta. Yamo ndani." Watu walicheka. Mzee Koki naye alicheka, akiwa amekaa palepale ukingoni mwa bwawa na kikombe chake cha chai.

Basi, na vicheko viishie hapo.

Siku yenyewe ilikuwa ya tatu baada ya mvua ya kwanza ya masika. Bwawa lilikuwa limefika kwenye alama nyekundu na upande wa mashariki mbingu ilikuwa imetuna, rangi ya ini. Mzee Koki alikuwa ametoka kumwibua Mkaguzi, mzima, mwenye njaa ya kutaka kung'ata kidole, aliposikia anaitwa kutoka kwenye uzio.

"Kaka."

Dada yake alikuwa amesimama upande wa pili wa nyaya, kitambaa kimefungwa kichwani, ndoo yenye kifuniko mkononi. Kutoka kwake mpaka hapo ni mwendo wa nusu saa kwenye tope, na hakuwa mtu wa kuja bila sababu.

"Mdogo wangu. Mbona mapema? Mkeka umekataa kufumwa?"

"Vyura wamenyamaza."

Mzee Koki alicheka. "Miaka arobaini unalalamika vyura hawakupi usingizi. Leo wamekuonea huruma, umekuja kuwashtaki."

"Leo siku ya tisa."

"Wamesafiri."

"Waende wapi, na mvua ndiyo imeingia? Kuna chura anayesafiri wiki ya harusi yake?"

Hakucheka. Akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibwa. Kereng'ende hawaonekani. Yangeyange wanatua, wanasimama kwa mguu mmoja, halafu wanaruka bila kula. Matete ya upande wa uwanja yanakatika mkononi kama biskuti, huwezi kufumia hata pakacha.

"Na nyumbani nina mkamwana mwenye maringo," akaongeza, kana kwamba hilo nalo lilikuwa moja ya hasara za kinamasi. "Nusu mwaka tangu aolewe hataki maji ya kisima. Anasema yananuka. Anajikongoja mpaka bomba la barabarani, ndoo kichwani, na mimba ya miezi minne. Nimemwambia, sisi tunayanywa tangu hatujaota meno, mbona hatujafa?"

"Ni mimba hiyo. Mwenye mimba husikia harufu hata ya mawazo ya mtu."

"Nami nilisema hivyohivyo." Akanyanyua ndoo. "Sasa nimeleta samaki. Nimemtoa kule kwenye chemchemi ya juu, ambako maji yako hayafiki. Mtie tengani pamoja na huyo mfalme wako."

"Unamdharau Mkaguzi?"

"Simdharau. Nataka awe na shahidi."

Mzee Koki aliona uso unamchoma. Tangu wakiwa wadogo, dada yake alikuwa na namna hiyo ya kusema neno moja likakukaa mwilini kama mwiba wa samaki. Akamwambia kwamba Mkaguzi alikuwa anafanya kazi hii kabla mkamwana wake hajajua kuvaa viatu. Akamwambia kipimo cha leo kimeshafaulu. Lakini alipokuwa anasema hayo, kichwani mwake kulikuwa na hesabu ndogo iliyokuwa inajifanya yenyewe bila ruhusa: siku tisa. Siku tisa zilizopita alikuwa amesimama papa hapa, ameshika usukani wa lango la chini, akifungua maji ya mvua ya kabla ya masika.

Gari la meneja likaja likipiga honi ukingoni. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa na kalenda, shati limepigwa pasi, viatu anavikwepesha tope kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua.

"Mzee, watu wa hali ya hewa wamepiga simu. Mvua kubwa kabla ya adhuhuri. Samaki anasemaje?"

"Mzima."

"Basi fungua. Bwawa halina nafasi ya hata kikombe kimoja."

"Nipe nusu saa. Sijanywa chai."

Meneja akatazama mbingu, akatazama saa. "Saa nne na nusu nataka nisikie maji yanatoka." Akaondoka.

Na hapo, kwa ukaidi tu, ili dada yake akome na arudi kwake akafume mikeka, Mzee Koki akapokea ndoo juu ya uzio. Ndani kulikuwa na perege mdogo, mwepesi, wa rangi ya fedha, anayegonga ukuta wa ndoo kwa mkia. Akamtia tengani. Akamtia na Mkaguzi. Akalizamisha tenga mahali penye maji ya kina cha goti ili yeye na dada yake waone, akajimiminia chai, akakaa.

"Tutakaa hapa mpaka kesho," alisema, "na kesho utaniomba radhi mbele ya samaki."

Hawakukaa mpaka kesho.

Kwanza yule mdogo alikimbilia pembeni mwa tenga, akakandamiza pua yake kwenye waya, upande unaotazama kinamasi. Akabaki hapo, kinywa kinafunguka na kufungika, kinafunguka na kufungika. Kisha akaanza kuzunguka, si kama anayeogelea, bali kama jani kwenye kijito. Akaegemea ubavu. Akajiinua. Akaegemea tena. Chai kikombeni ilikuwa bado inafuka moshi wakati tumbo lake jeupe lilipogeukia juu.

Mkaguzi akamkaribia taratibu, akamzunguka mara moja, akaanza kumdonoa macho.

Upepo ulikuwa umekufa. Juu ya bwawa lote, Mzee Koki akatambua sasa, hapakuwa na mbu hata mmoja, na alikuwa amekaa pale miezi mingapi akijisifu kwamba bwawa lake halina mbu?

Akavuta pumzi kwa nguvu. Akanusa kama mbwa, kulia, kushoto, akainama mpaka pua ikagusa maji. Hakusikia harufu yoyote. Maji yalinukia maji.

"Wewe unasikia nini?" akamuuliza dada yake.

Dada yake akasogeza uso kwenye nyaya. "Sisikii kitu, kaka."

Akamwita Fundi Spana, aliyekuwa anapita na toroli kuelekea karakanani. Fundi akaja mpaka hatua kumi hivi kutoka bwawani, akasimama.

"Sogea."

"Hapa panatosha, Mzee."

"Kwa nini hapo?"

Fundi Spana akamtazama, kisha akamtazama dada mtu, kama anayetafuta nani anamtania nani. "Harufu, Mzee. Sisi tukipita huku tunashika pua. Tangu ilipoletwa ile dawa mpya ya kubandulia rangi kwenye ndege. Mwaka mzima sasa. Ile haielei kama mafuta, inayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi, tangi lako haliwezi kuinasa."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Kukuambia wewe?" Mikono yake ya grisi ilining'inia. "Wewe ndiye unayekaa hapa kutwa nzima, Mzee. Na kila mara samaki wako anatoka hai. Tulidhani inanuka tu, haina neno."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee Koki akakumbuka jinsi marehemu mkewe alivyokuwa akianika shati lake la kazi mbali na nguo nyingine, kwenye kamba yake peke yake, na yeye akidhani ni heshima. Akakumbuka siku ile ya pipa lililopinduka, samaki wawili waliokufa na mmoja aliyebaki. Wale wawili ndio waliokuwa wakaguzi. Walikuwa wamesema ukweli wao kwa njia pekee samaki anayoijua, naye akawatupa kwa kunguru, akamwajiri yule ambaye sumu haikumpata. Halafu akaendelea kumzoesha, mvua hadi mvua, miaka sita, kama mtu anayemzoesha mtoto pilipili. Na yeye mwenyewe alikuwa amekaa kando yake wakati wote huo, akizoea.

Mwaka mzima wa dawa. Alifungua lango mara ngapi? Kumi na moja? Kumi na nne? Kila mara aliimba kidogo akizungusha usukani.

Radi ya kwanza ikanguruma, mbali, kama mtu anayeburura kabati kwenye nyumba isiyo na watu.

Meneja alirudi saa nne na nusu kamili. Alimkuta Mzee Koki amesimama mbele ya lango la chini.

"Sisikii maji."

"Na hutayasikia. Haya hayatoki, bwana meneja."

Akamwonyesha tenga. Meneja alichungulia, akashika pua bila kujijua, kwa vidole viwili, na Mzee Koki alikiona kitendo kile kama kofi. Hata huyu.

"Ulikuwa unasikia harufu," alisema.

"Kila mtu anasikia, Mzee. Lakini niliandika ripoti kwa maneno yako. Kipimo kimefaulu. Kipimo kimefaulu. Majibu ya maabara yaliyokuja na alama nyekundu nilisema mashine yao ina kasoro, kwa sababu mtu wangu ana miaka ishirini na minane kazini na samaki wake yu hai." Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Sasa sikiliza. Mvua hii inakuja. Usipofungua, maji yatapanda juu ya ukingo, ukingo utakatika, na haya yote yatakwenda kinamasini kwa mkupuo, na tope juu. Umechelewa. Afadhali yatoke kidogokidogo."

Alisema kweli. Mzee Koki alilijua bwawa lile kuliko alivyojua meno yake. Ukingo ulikuwa wa udongo, na ulikuwa mwembamba upande uleule wa nyumba.

"Kuna lango la juu," alisema.

"Halijawahi kufungwa tangu lijengwe."

"Ndiyo maana lipo."

"Ukifunga la juu, maji ya mvua yataingia wapi?"

Jibu wote wawili walilijua. Yasingeingia popote. Yangebaki yalipoangukia, juu ya lami, chini ya matumbo ya ndege, na kupanda.

"Nina ndege sita pale," meneja alisema. "Na moja inatua saa nane."

"Ndege zina magurudumu. Zivute mpaka karakanani. Yule," akanyoosha kidole kwa dada yake upande wa pili wa uzio, "kisima chake hakina magurudumu."

"Nitakuandikia barua, Mzee. Kazi yako itakwenda."

"Iandike kwa wino mzuri. Mvua inakuja."

Meneja akaitazama mbingu tena. Kisha akarudi garini akikimbia, akipiga kelele kwenye simu kwamba ndege zivutwe, zivutwe zote, na huyo anayetua aambiwe ageuze.

Usukani wa lango la juu ulikuwa umeshikwa na kutu kama nanga ya meli iliyozama. Mzee Koki aliung'ang'ania, haukutikisika. Fundi Spana, bila kuulizwa, akaleta kipande kirefu cha bomba akakichomeka kwenye tundu la usukani ili kuongeza nguvu. Dada mtu akausogelea uzio, akaukunja waya wa chini kwa mguu, akapita chini yake kwa tumbo kama msichana wa miaka kumi, akaja na tope lake lote kushika ncha ya bomba. Wakasukuma. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yenye uzito, yakitoboa uso wa bwawa moja moja. Wakasukuma. Chuma kikalia kilio kirefu, kilio cha kitu kinachoamshwa kwa nguvu, na usukani ukasogea upana wa kidole. Kisha upana wa kiganja. Ilipofika nusu, mvua ilikuwa haina matone tena, ilikuwa ukuta. Ilipofika mwisho, maji ya mferejini yaligonga lango, yakasita kama ng'ombe aliyekuta boma limefungwa, yakaanza kurudi nyuma kuelekea lami.

Bwawa likapata mvua ya juu yake tu, ambayo ingelipandisha vidole viwili, vitatu. Ukingo ulikuwa na nafasi ya vidole vinne. Mzee Koki alipima kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili.

Kisha akaazima spana. Akafungua nati za sukani zote mbili, wa lango la juu na wa lango la chini, akazitoa ili asije mtu akayafungua, akazibeba moja kila bega kama mtu aliyevuna matunda ya chuma. Mkaguzi alikuwa bado tengani, anazunguka. Mzee Koki alimtazama mara moja. Hakumwibua.

"Twende kwako," akamwambia dada yake.

Walitembea kandokando ya kinamasi, mvua ikiwapiga migongoni. Nyuma yao king'ora cha uwanja kilikuwa kinalia na kukatika, kinalia na kukatika. Mbele yao matete yalikuwa yamelala, si kwa mvua. Maji kati ya mashina yalikuwa maangavu mno, maangavu kama kioo cha dirisha, mpaka chini, na huko chini hakuna kilichojongea.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, mikeka iliyokunjwa imesimama kwenye pembe. Mkamwana alikuwa mlangoni, akiwatazama wanavyokuja, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kuitwa mwenye maringo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama." Mzee Koki akaweka sukani chini. Akaona jinsi yule binti alivyorudi nyuma hatua moja, na ncha ya kanga ilivyopanda puani, kwa adabu, kana kwamba anajifuta jasho. Mara ngapi alikuwa ameiona ishara ile asiione?

"Niletee maji ya kisimani."

Akamletea kwenye kikombe cha bati, akiwa amenyoosha mkono mbali na mwili wake. Mzee Koki akanusa. Akafumba macho, akanusa tena.

"Yananuka nini, mwanangu? Usinifiche."

Mkamwana akamtazama mkwewe, akatazama sakafu.

"Sema," dada mtu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Yananuka kama wewe, mjomba. Samahani."

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba aliyasoma maneno midomoni zaidi ya kuyasikia. Akakaa kwenye kigoda. Dada yake, ambaye koo lake lilikuwa limekauka kwa kusukuma chuma na kutembea, akachukua kikombe kutoka mkononi mwake bila kufikiri, kama alivyochukua kikombe kila siku ya maisha yake, na Mzee Koki akampokonya kwa nguvu hata maji yakamwagika mkekani.

"Leo umekunywa?"

"Asubuhi. Na jana. Kaka, mimi nimekunywa kila siku."

"Na wewe, mama?"

"Mimi siyanywi, mjomba. Ndiyo maana wananisema." Akaanza kukunja ncha ya kanga, kunja, kunjua. "Ila mwezi uliopita bomba la barabarani lilikatika siku nne. Siku nne nilikunywa haya. Siku ya kwanza nilitapika. Siku ya pili nikatapika kidogo. Ya nne..." Mkono wake ulishuka tumboni. "Siku ya nne sikusikia tena harufu. Nilifurahi. Nikasema, sasa nami nimekuwa wa hapa. Bomba liliporudi, harufu nayo ikarudi."

Dada mtu alimwendea, akamshika mabega yote mawili, yeye ambaye kwa nusu mwaka hakuwa amemshika hata mkono. "Usiogope," alimwambia. "Mtoto ni wa ukoo huu. Labda atazaliwa ameshazoea."

Alisema kwa kumfariji tu. Kisha akageuka akamtazama kaka yake, na Mzee Koki akaona kwamba maneno yale yalikuwa yamemrudia dada mwenyewe.

"Kesho asubuhi nampeleka hospitali," Mzee Koki alisema. "Wote wawili nawapeleka. Nitawaambia ni nini, na tangu lini, na ni nani aliyefungua. Kisima kifunikeni leo hii."

Mkamwana akaketi kwenye mkeka, mbali kidogo na pale palipolowa.

"Mjomba," alisema, "watu wanasema wewe hukosi hadithi. Sema kitu basi."

Mzee Koki alifungua mdomo. Miaka yote hiyo maneno yalikuwa yanamjia bila kuitwa, samaki wanaopepesa macho, samaki wanaokataa uhamisho. Alitafuta moja, hata fupi. Kisha akainuka akaenda mlangoni, akasimama katikati ya mvua na ukumbi, kichwa ameinamisha upande, mkono nyuma ya sikio.

Ilikuwa mvua waipendayo vyura. Ilikuwa masika yenyewe, na tope, na giza la mchana. Kinamasi chote kilikuwa kimelala mbele yake, na hakikutoa sauti ila sauti ya maji yanayoangukia maji. Alisubiri. Alikuwa tayari kumkubali hata chura mmoja.